Rea wa kufugwa na vijidudu vyao: ndege ndiye anayetuambukiza, au sisi ndio tunaomwambukiza?

#1 Msafiri_wa_Kaskazini
Wakuu, salaam. Ninafanya kazi katika shamba la mtu binafsi kaskazini mwa Ujerumani, ambako wanafugwa rea, wale ndege wakubwa wasioruka wa Amerika Kusini. Wanafanana na mbuni wetu, ila ni wadogo zaidi na wana vidole vitatu mguuni badala ya viwili. Msimu huu vifaranga kadhaa wamekufa kabla hawajafikisha miezi mitatu. Mmoja wao alipopasuliwa nilikuwa nimesimama kando ya meza. Vifuko vya hewa, ambavyo kwa ndege mzima huwa vyembamba na angavu kama ngozi ya ndani ya kitunguu, vilikuwa vimenenepa na kujaa madoa ya manjano, na katikati ya doa moja kulikuwa na unga wa kijani iliyofifia.

Majibu ya maabara yalikuja na orodha: Escherichia coli kutoka kwenye kiini cha yai kilichobaki tumboni bila kufyonzwa, Aspergillus fumigatus kutoka kwenye vifuko vya hewa, na hamira (fangasi wadogo) za jamii ya Candida kutoka kooni na kwenye tundu la haja. Karatasi ilisema hamira hizo ni sugu kwa flukonazoli, dawa ya fangasi, ingawa hakuna ndege hata mmoja shambani aliyewahi kupewa dawa hiyo.

Mwenye shamba anashikilia kwamba rea huja na vijidudu vyake tangu kwenye yai, na kwamba wahudumu ndio tunaopaswa kujilinda dhidi yao. Mimi ninadai kinyume chake: rea anayefungiwa hubeba uchafu wa binadamu, wa malisho yetu na wa mashine zetu, na angeachwa kwenye nyika zake asingekuwa na nusu ya orodha hiyo. Ninaandika pia kwa sababu mwenzangu ninayesafisha naye banda ana kikohozi kisichomwacha. Wenye ujuzi, nani anamwambukiza nani?

#2 Daktari_Mifugo_Moro
Pole kwa msiba wa vifaranga, mkuu. Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo uzi kama huu huyachanganya haraka: kubeba kijidudu, kuugua kwa sababu yake, na kumwambukiza mwingine.

E. coli huishi kwenye utumbo wa karibu kila ndege na kila mtu, kwa hiyo kuipata si habari. Habari ni kuipata ndani ya kiini, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na bakteria yeyote. Mara nyingi huingia kupitia kitovu ambacho hakijafunga vizuri baada ya kuanguliwa, au kupitia ganda la yai lililochafuka. Kifaranga wa jamii hii hutegemea kiini hicho siku zake za mwanzo, na kikioza ndani yake huvimba tumbo, huzubaa, kisha hufa.

Kuhusu Aspergillus, wewe na mwajiri wako wote hamjafika. Ukungu huo haupiti kutoka kwa ndege kwenda kwa mtu, wala kutoka kwa mtu kwenda kwa ndege. Unatoka kwenye majani makavu yaliyolowa, maranda yaliyoota ukungu na chakula kilichohifadhiwa vibaya. Spora zake, yaani mbegu zake za unga, ni ndogo sana, zina upana wa maikromita 2 hadi 3, hivyo huvutwa hadi mwisho wa mfumo wa hewa. Kifaranga na mhudumu wanavuta vumbi lilelile, kila mmoja kwa pua yake.

#3 Mchumi_wa_Kuku
Asante kwa uzi. Mimi ni mfugaji wa kuku, na Candida ninaifahamu vizuri kwa jina la utando mweupe kwenye gole, ule mfuko wa chakula shingoni. Hujitokeza ndege wakinyweshwa antibiotiki kwa muda mrefu, kwa sababu bakteria waliokuwa wakiizuia wanakufa na hamira inabaki na uwanja mtupu. Je, hao vifaranga walipewa antibiotiki kwenye maji? Pili, mlifungua gole kuona kama lina utando?

#4 Bi_Maabara
Mchumi, swali lako la antibiotiki ni zuri sana, lakini rea hana gole. Mbuni hana pia. Chakula kinashuka moja kwa moja kutoka kwenye umio hadi tumbo la mbele, kisha firigisi. Utando utafutwe mdomoni, kwenye umio na katika tumbo hilo la mbele.

Mleta uzi, karatasi yako imeandika "Candida" bila spishi? Kama ndivyo, hilo neno "sugu" halina uzito bado. Candida krusei ni sugu kwa flukonazoli kwa maumbile yake, hata kama haijawahi kukutana na dawa tangu dunia iumbwe, na Candida glabrata huisikia kwa shida. Ikiwa ni Candida albicans, hapo ndipo tunapaswa kushtuka, kwa sababu kwa kawaida hiyo hudhibitiwa na dawa hiyo. Isitoshe, vipimo vya usugu vina mipaka iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa binadamu. Maabara inapovitumia kwa ndege inaazima kipimo cha mtu mwingine.

Usufi wa kooni na wa tundu la haja unaonyesha kinachobebwa. Hauthibitishi kilichoua.

#5 Nyuki_Mkali
Mimi siamini hadithi hii ya fangasi. Ndege ana joto la mwili la nyuzi 41 au 42, na fangasi wengi hawavumilii joto hilo. Ndiyo maana njiwa hubeba fangasi aitwaye Cryptococcus kwenye kinyesi chake bila kuugua. Vifaranga hao wameuawa na bakteria, na fangasi wameota baadaye kwenye mzoga.

#6 Daktari_Mifugo_Moro
Nyuki_Mkali, leo mwiba wako haukupata nyama. Hoja ya njiwa ni sahihi, ila haimfai rea wala Aspergillus. Aspergillus fumigatus humea hata kwenye joto la nyuzi 50 na zaidi, ndiyo sababu hustawi ndani ya lundo la mboji linalofuka moshi. Jina lake lenyewe alilipewa na Georg Fresenius wa Ujerumani mwaka 1863, alipoueleza kutoka kwenye mapafu na vifuko vya hewa vya ndege aitwaye tandawala mkubwa. Yaani tangu siku ya kwanza ukungu huo umejulikana kama ugonjwa wa ndege.

Pia ndege wakubwa wasioruka wana joto la chini kuliko kuku na njiwa. Mbuni yuko kwenye nyuzi 38 au 39 hivi. Kiwi wa New Zealand, ambaye ni wa ukoo huohuo na ana mwili wa baridi zaidi, amewahi kuugua Cryptococcus. Kwa hiyo kinga ya joto tunayoitegemea kwa kuku imepungua kwa ndege hawa.

Na ule unga wa kijani ulioonekana ndani ya kifuko cha hewa unaota pale palipo na hewa, ndege angali hai. Mzoga uliopasuliwa mapema haupati nafasi ya kuota ukungu ukakomaa namna hiyo.

#7 Nyuki_Mkali
Mleta uzi hajasema mzoga ulikaa muda gani kabla ya kupasuliwa. Nasubiri.

#8 Mwanafunzi_Fortaleza
Habari zenu kutoka jimbo la Ceará, kaskazini-mashariki mwa Brazil. Huku rea anaitwa ema na yuko karibu na watu kuliko mnavyodhani: yuko mashambani, kwenye bustani za wanyama, na hata kwenye viwanja vya Palácio da Alvorada, makazi ya rais mjini Brasília. Mwezi Julai 2020, Rais Jair Bolsonaro akiwa ametengwa kwa sababu ya Uviko, alidonolewa mkono na mmoja wao alipokuwa akiwalisha, na picha zikazunguka dunia nzima. Watu walicheka, lakini mimi nilijiuliza mdomo ule ulikuwa umetoka kudonoa nini.

Kuhusu usugu, naomba niongeze jambo ambalo halijatajwa. Hapa Ceará kuna ziwa liitwalo Catú. Watafiti waliotesha hamira kutoka kwa kamba wa maji baridi na kutoka kwenye mazingira ya ziwa, na wakapata Candida zilizo sugu kwa azoli, kundi la dawa ambamo flukonazoli imo. Kamba hawajawahi kumeza flukonazoli. Walipochunguza sababu walikuta kwamba seli za hamira hizo zina pampu zinazoisukuma dawa nje kabla haijafanya kazi, na pampu za aina hiyo zinaweza kuamshwa na sumu nyingine kabisa zilizoko majini. Kwa maana hiyo ndege anaweza kubeba hamira sugu kwa kunywa tu maji yaliyo nayo. Hakuna aliyemwambukiza, si mwenye shamba wala mhudumu, ni maji.

#9 Tandawala
Mwanafunzi amefungua mlango mzuri, nami naingia na maelezo tofauti. Ninaishi Hamburg, hukohuko Ujerumani, na huenda mara kwa mara Mecklenburg kuwatazama rea waliotoroka. Kwa wasiojua: karibu mwaka 2000 ndege wachache walitoroka kutoka shamba moja karibu na Lübeck, wakavuka mto Wakenitz, na wakazaana. Kufikia mwaka 2018 walikuwa zaidi ya 500. Wanapenda mno mashamba ya rapa, yale ya maua ya manjano yanayokamuliwa mafuta, na wakulima wanalia.

Mashamba hayo ya rapa hupuliziwa dawa za ukungu za kundi la azoli, ndugu wa karibu wa flukonazoli kikemia. Uholanzi kuna mfano unaojulikana wa Aspergillus fumigatus sugu uliopatikana kwa mgonjwa mwaka 1998, na baada ya hapo usugu wenyewe ukahusishwa na azoli za mashambani, zikiwemo zinazotumika kwenye vitunguu vya maua ya tulipu. Kama vifaranga wa mleta uzi wanalishwa rapa au nyasi za pembeni mwa mashamba hayo, usugu umekuja na chakula.

#10 Bi_Maabara
Tandawala, mfano wa Uholanzi ni wa Aspergillus, na ule usugu una alama yake maalumu kwenye jeni la ukungu huo. Huwezi kuuhamishia Candida kwa sababu tu dawa zinafanana. Sisemi haiwezekani, nasema ushahidi wa kimoja si ushahidi wa kingine. Ambacho ningependa kujua ni kama ule ukungu wa kwenye vifuko vya hewa nao ulipimwa kwa azoli. Huo ndio ungekuwa na uhusiano na mashamba ya rapa.

#11 Msafiri_wa_Kaskazini
Asanteni. Nijibu kwa pamoja. Mzoga ulipasuliwa siku ileile ya kifo, asubuhi alikufa, alasiri tukawa mezani. Ukungu haukupimwa kwa dawa. Spishi ya Candida haikuandikwa. Vifaranga walinyweshwa antibiotiki kwenye maji tangu walipotolewa kwenye mashine ya kutotolesha, "kwa kuzuia", kama alivyosema aliyeleta dawa. Wanakula lusani (majani ya malisho) iliyokatwakatwa, chakula cha punje na, ndiyo, majani ya rapa kutoka kwa jirani.

Nimesahau jambo moja: upande wa pili wa uzio jirani huyo ana nguruwe, na mvua ikinyesha maji hutuama katikati.

#12 Daktari_Mifugo_Moro
Nguruwe na maji yaliyotuama! Hilo lingepaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza.

Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani walieleza ugonjwa wa rea wachanga ambao vifuko vya utumbo, vile viwili vinavyotokea pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, vilikuwa vimeoza kuta zake na kufunikwa na utando mzito. Ndani yake walikuta bakteria wenye umbo lililojipinda kama skrubu, na kazi za baadaye ziliwatambua kuwa ni Brachyspira hyodysenteriae, bakteria yuleyule anayeleta ugonjwa wa kuhara damu kwa nguruwe. Rea ana vifuko vikubwa vya utumbo kwa sababu humo ndimo anamochachushia nyasi, tofauti na mbuni ambaye anategemea zaidi utumbo mpana mrefu. Bakteria huyo amepata kwa rea nyumba inayomfaa.

Naomba uulize: je, waliopasua walifungua vifuko hivyo na kutazama utando wa ndani? Bakteria huyo haoti kwenye sahani ya kawaida ya maabara. Anahitaji mazingira yasiyo na oksijeni na sahani maalumu. Kama hakutafutwa kwa makusudi, hataonekana kwenye orodha, na orodha itasomeka kana kwamba hayupo.

#13 Mzee_wa_Kajiado
Vijana, nimewasoma wote kwa makini. Nimefuga mbuni kwa miaka mingi huku Kajiado na ninataka kusema jambo ambalo wasomi hamjaligusa. Kifaranga wa mbuni akiwa na wazazi wake hula kinyesi chao kibichi. Mgeni akiona hufikiri ni njaa au uchafu, lakini kifaranga anachukua bakteria watakaomsaidia kuyeyusha nyasi. Kwa rea, dume ndiye anayeatamia mayai ya majike wengi na ndiye anayewalea watoto, na huwa nao kwa miezi kadhaa. Sasa nyinyi mnamtoa kwenye mashine, mnamweka kwenye sakafu iliyopigwa dawa, kisha mnamnywesha antibiotiki. Utumbo wake hauna mwenyeji. Mgeni wa kwanza atakayebisha hodi, awe E. coli au Candida, ataingia na kukalia kiti.

Kwa hiyo simlaumu nguruwe, simlaumu rapa, wala simlaumu mhudumu. Ninalaumu mashine.

#14 Mchumi_wa_Kuku
Mzee, heshima yako. Lakini ukimpa kifaranga kinyesi cha baba asiyepimwa unaweza kumpa na bakteria wa Salmonella. Kuku wakubwa huibeba bila dalili yoyote, na ndege hawa wakubwa nao hubeba.

#15 Mzee_wa_Kajiado
Basi mpime baba. Kinyesi cha baba aliyepimwa ni bora kuliko dawa ya kila siku.

#16 Mama_Nasra
Asalaam alaykum. Mimi ni muuguzi, niko Muscat, na nimesoma mabandiko yote nikisubiri mtu amkumbuke yule mwenzake anayekohoa. Mmejadili matumbo ya ndege hadi vifuko vyake, na binadamu hamjamgusa.

Kikohozi cha mtu anayesafisha banda la ndege kina maelezo mengi, na ninaomba yasipuuzwe. Kuna homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria Chlamydia psittaci. Jina lisiwadanganye: mwaka 1994 iliripotiwa kwa rea wa mashamba ya biashara huko Marekani. Mtu huivuta pamoja na vumbi la kinyesi kilichokauka, na kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 14 huanza homa, kichwa kikali, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu. Hutibika vizuri kwa doksisaiklini, ilhali penisilini na ndugu zake, ambazo watu wengi huanziwa kwa kikohozi, hazifai kitu hapo.

Kuna pia mapafu kuwaka kwa mzio, bila kijidudu chochote kuishi ndani ya mtu. Mwili unapambana na protini za manyoya na kinyesi cha ndege, au na bakteria na ukungu walioota kwenye majani makavu yaliyopata joto. Huyu huchoka na kubanwa kifua saa chache baada ya kazi, hupata nafuu akiwa likizoni, kisha hurudia palepale akirejea. Akiendelea kwa muda mrefu mapafu hupata makovu yasiyofutika.

Mkuu Msafiri, kikohozi cha mwenzako hupungua siku za mapumziko? Na daktari wake ameambiwa kwamba anafanya kazi na ndege? Mgonjwa asiposema, hakuna atakayeuliza.

#17 Msafiri_wa_Kaskazini
Shikamoo, Mama Nasra. Homa hana. Siku za mapumziko anasema hukohoa kidogo, lakini nyumbani kwake pia ana majani makavu kwa ajili ya sungura. Daktari hakuambiwa. Nitampeleka mwenyewe.

#18 Mama_Nasra
Marahaba, mwanangu. Na achukue barua yenye majina ya vijidudu vilivyopatikana kwa ndege. Akiwa na pumu, kisukari kisichodhibitiwa, au anatumia dawa za kushusha kinga, Aspergillus nayo iingie kwenye mazungumzo.

#19 Nyuki_Mkali
Nakubali kuhusu muda wa mzoga, siku ileile inatosha. Hata hivyo bado ninawashikilia bakteria. Hakuna aliyetaja megabakteria, yule mkubwa anayekaa kwenye makutano ya tumbo la mbele na firigisi, anayewakondesha ndege hadi kufa. Amewahi kuonekana kwa mbuni na kwa rea huko Brazil.

#20 Bi_Maabara
Kuonekana ni kweli, bakteria si kweli. Tangu mwaka 2003 imethibitishwa kwamba huyo ni fangasi wa jamii ya hamira, na jina lake ni Macrorhabdus ornithogaster. Alidhaniwa bakteria kwa sababu ni kijiti kirefu kilichonyooka. Hatibiki kwa antibiotiki; dawa ya fangasi, amfoterisini B, ndiyo hutumika. Na hakuna ushahidi kwamba humwambukiza binadamu. Kwa hiyo, Nyuki_Mkali, umeiongezea nguvu kambi ya fangasi.

#21 Mchumi_wa_Kuku
Mimi narudi kwenye mayai, kwa sababu E. coli ndani ya kiini inanisumbua kuliko fangasi. Mleta uzi, mayai yanaoshwaje? Yai la rea lina gramu 600 hivi, linatagwa chini kwenye udongo na kinyesi, na wafugaji wengi hawavumilii kuliona chafu. Ukiliosha kwa maji baridi wakati lina joto, kilichomo ndani hujikunja, na vinyweleo vya ganda huvuta maji pamoja na bakteria hadi ndani. Maji yakiwa ya joto kuliko yai, msukumo unakuwa wa kutoka ndani kwenda nje. Wengine hukwangua uchafu mkavu tu na hawaoshi kabisa.

#22 Msafiri_wa_Kaskazini
Yanaoshwa bombani. Maji ya bomba huku hata kiangazi ni baridi.

#23 Mzee_wa_Kajiado
Hapo sasa.

#24 Mwanafunzi_Fortaleza
Kuhusu mayai, kuna jambo la porini linalonivutia. Charles Darwin aliandika kwamba huko Argentina kuna mayai ya rea yanayokutwa yametapakaa peke yake nje ya kiota, ambayo wenyeji waliyaita huachos, na hayaanguliwi kamwe. Wapo wasimulizi wanaosema mayai hayo huoza, hupasuka, huvutia nzi, na vifaranga hupata chakula. Kama ni kweli, kifaranga wa nyikani anaanza maisha akimeza nzi waliotoka kwenye yai bovu. Sidhani kwamba wa porini ana vijidudu vichache kuliko wa kufugwa, kama mleta uzi alivyodai. Nadhani ana vingi zaidi na vya aina nyingi zaidi, ila hana msongamano.

#25 Tandawala
Naunga mkono sehemu ya msongamano. Wale wa Mecklenburg hutawanyika kwenye maeneo makubwa, na kinyesi hukaushwa na jua na upepo. Lakini tukumbuke kwamba wa porini anayekufa hupasuliwa kwa nadra. Mbweha humaliza ushahidi. Tunawaona wazima kwa sababu wagonjwa hatuwaoni.

#26 Daktari_Mifugo_Moro
Hoja nzito hiyo. Ndiyo maana mimi siwezi kukubali wala kukataa dai la bandiko la kwanza kwa orodha ya mzoga mmoja.

#27 Msafiri_wa_Kaskazini
Nimezungumza na mwenye shamba. Amekubali kulipia vipimo vya mara moja zaidi, si zaidi ya hapo. Antibiotiki za kuzuia zimesimamishwa kwa muda. Nichukue nini?

#28 Bi_Maabara
Kwa fedha ya mara moja, usipoteze kwa kurudia koo na tundu la haja. Chukua usufi wa hori la maji ndani ya ukuta wake, pale penye utelezi. Chukua konzi ya lusani kutoka katikati ya robota na konzi ya maranda kutoka kwenye kona yenye unyevu. Chukua usufi wa ndani ya mashine ya kutotolesha, kwenye feni. Omba Candida itajwe kwa spishi, na ukungu upimwe kwa azoli. Candida ya kwenye hori ikiwa spishi ileile na usugu uleule, Mwanafunzi atakuwa na la kusema. Ukungu wa lusani ukiwa sugu, Tandawala atakuwa nalo.

#29 Daktari_Mifugo_Moro
Ongeza kinyesi kibichi cha vifaranga walio hai, kiwekwe kwenye chombo kilichojaa pomoni ili hewa isibaki, kifike maabara haraka, na juu yake kiandikwe waziwazi kwamba anatafutwa Brachyspira na Salmonella. Na kabla majibu hayajarudi, chimba mtaro maji ya nguruwe yapite kwingine.

#30 Mzee_wa_Kajiado
Mashine hamtaigusa, naona. Mwachie dume mmoja mayai yake msimu ujao, kwenye boma safi, bila dawa, halafu uje hapa utuambie wa mashine na wa baba wangapi walivuka miezi mitatu.

#31 Bi_Maabara
Mzee, dume mmoja si jaribio. Lakini afanye.

#32 Mama_Nasra
Usafishaji wa banda usifanywe kwa ufagio mkavu. Nyunyizeni maji kwanza ili vumbi lilale, vaeni barakoa inayobana vizuri usoni na si ile ya kitambaa, na nguo za bandani zisifike chumbani. Huyo anayekohoa asiingie kabisa hadi aonwe na daktari.

#33 Nyuki_Mkali
Msafiri, kwenye paa la hilo banda kuna njiwa?

#34 Msafiri_wa_Kaskazini
Wapo, juu kabisa ya stoo ya lusani.